Goma: Kaye ya madeni ilibaki, wateja wakaenda

Kwenye barabara ya kuelekea Sake, upande wa Mugunga, kuna butiki moja ya mbao ambayo majirani wameiona ikifungwa na kufunguliwa tena mara tatu kwa muda wa miaka mitano. Mwenye butiki ni mjane, mama wa watoto watano. Anauza unga wa muhogo na wa mahindi, maharagi, mafuta ya mawese, chumvi, sabuni, na makala ya kupima kwa kopo. Biashara yake haina ofisi wala mhasibu. Ina kaye moja ya kurasa mia moja, ambamo ameandika nani amechukua nini na atalipa lini.

Watu wakisikia habari ya kupanga mbele ili kazi isisimame siku ya matata, wanawaza kampuni kubwa, benki, ao mashirika yenye magari meupe. Wanawaza mafunzo ya siku mbili hotelini, na karatasi ambayo hakuna atakayeisoma tena. Kumbe mtu mwenye magunia manne ndiye anayehitaji mpango zaidi, kwa sababu akipoteza magunia yale manne, hana la tano. Kampuni inaweza kupata hasara mwaka huu na kufuta hasara mwaka ujao. Mama huyu akipoteza mtaji, mtoto anarudishwa nyumbani toka shuleni juma lile lile.

Na si kweli kwamba hakuwa na mpango. Alikuwa nao kila mara. Shida ni kwamba kila mpango wake ulikuwa wa balaa iliyokwisha kupita.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka bila onyo. Moto ulishuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ukasimama pale. Siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 27, serkali ikatoa amri: kata 10 kati ya 18 za mji ziondoke. Mugunga haikuwa katika zile kumi, lakini ilikuwa njiani. Watu walipita mbele ya butiki yake tangu asubuhi mpaka usiku, kwa miguu, kwa moto, kwa chukudu, magodoro kichwani, wakielekea Sake. Mama huyo hakuwahi kuuza vile maishani mwake. Kufika saa sita ya mchana, rafu zilikuwa tupu na mkoba ulikuwa umejaa.

Hapo ndipo akatambua kwamba feza zile hazikuwa na mahali pa kwenda. Depo zote tatu alizozoea kununua zilikuwa Birere, katikati ya mji, na Birere ilikuwa imekimbia pia. Kwa muda wa juma mbili alikaa na feza mkononi bila unga wa kupika, tusiseme wa kuuza. Alipofungua tena alijipa shauri moja: asinunue tena kila kitu sehemu moja. Akapata mtu wa kumletea muhogo na maharagi toka Minova, kila soko. Lilikuwa shauri zuri, na kwa muda karibu wa miaka tatu lilimfaa.

Mwezi wa pili 2024 vita ikafika kando ya Sake na barabara ya kwenda Minova ikakatika. Maharagi yakaanza kupita ziwani, yakishukia Kituku, na kila mzigo ukawa na bei ya mtumbwi, bei ya wabebaji, bei ya kungoja. Mama aliendelea, kwa faida ndogo. Tarehe 3 Mei mwaka ule mabomu yakaanguka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani pale pale Mugunga, watu wakafa, watoto kati yao. Alifunga siku tisa. Alipofungua, alipeleka nusu ya mali kwa dada yake Ndosho, ili bomu moja ao mwizi mmoja asimalize yote. Tena, mpango wa balaa iliyopita. Kisha tarehe 3 Oktoba mashua iliyotoka Minova ikazama karibu kabisa na Kituku, makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Tangu siku ile hakusafiri tena mwenyewe. Alianza kuagiza kwa simu, na kulipa kwa simu.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza 2025 alikuwa amejipanga kuliko majirani wengi. Mali iko sehemu mbili. Wauzaji wako sehemu mbili. Feza kidogo ziko kwenye simu, kidogo kwenye ushirika wa akiba, na nyumbani karibu hakuna kitu, kwa sababu wezi.

Minova ikaanguka tarehe 21. Sake ikafuata. Juma lile likaisha vita ikiwa ndani ya Goma. Umeme ukakatika, maji yakakatika, intaneti ikakatika. Depo zikaporwa, maduka yakaporwa, na butiki yake ikavunjwa mlango. Mali ya Ndosho ilipona. Lakini benki zilifungwa, ushirika ukafunga, na simu iliyobeba feza zake ikawa kipande cha plastiki mkononi. Alikuwa na zaidi ya dola mia mbili duniani, na hakuweza kununua kilo ya chumvi.

Mtandao uliporudi, shida ikabadilika sura. Feza zilionekana kwenye simu, ila noti zilikuwa zimeadimika mjini, na mtu wa kutoa feza alikuwa akijikatia sehemu nene kabla ya kukupa. Wenye hati za kuvuka walienda kutoa Gisenyi. Noti zilizobaki zilizunguka mpaka zikachakaa, muuzaji akikataa noti iliyopasuka, mnunuzi naye akiapa kwamba ndiyo ile ile aliyopewa jana. CADECO ilifunguliwa mwezi wa nne, kwa mikono ya wale wanaoshikilia mji, lakini haikuwa dawa kwa mtu ambaye akiba yake ilikuwa mlango mwingine.

Majirani nao walikuwa na yao. Mama aliyeuza samaki wa friza alitupa samaki wote, na harufu ilikaa siku nyingi. Wenye mashini ya kusaga wawili wanapatikana mtaa ule. Umeme wa Virunga ulipofika, ule unaotoka kituo cha Matebe kule Rutshuru, wote wawili walinunua mota ya umeme. Mmoja aliuza mashini yake ya zamani ya mazuti, akicheka wanaopenda moshi. Mwingine aliifunika kwa hema akaiacha kwenye kona. Wakati wa giza, foleni ya mahindi ilikuwa mbele ya nani, kila mtu anajua. Sifa isizidi hata hivyo: mwenyewe anakiri kwamba aliiacha kwa kukosa mnunuzi, si kwa akili. Na mazuti yalipopanda bei alisaga kwa hasara siku mbili kabla ya kuthubutu kuongeza bei kwa jirani zake.

Pigo kubwa la mama wa butiki lilikuja baada ya bunduki kunyamaza, na hakuna mafunzo ya hotelini yaliyowahi kulitaja.

Wateja wake wengi walikuwa watu wa kambi, Bulengo na Lushagala. Watu waliotoka Masisi, Kitshanga, Rutshuru, wengine wakiwa wamekimbia mara ya tatu ao ya nne. Walikuwa wakichukua unga kwa deni, wakingoja mgao, ao kibarua, ao feza toka kwa ndugu. Na walikuwa wakilipa. Hili lisemwe wazi, kwa sababu mjini kuna maneno mengi juu ya wakimbizi. Katika kaye yake, walioandikwa kwa muda mrefu bila kulipa wengi ni wenyeji wa kata, watu wenye nyumba za vioo. Watu wa kambi walilipa franka mia tano mia tano, kwa sababu walijua mlango ule ukifungwa hakuna mwingine.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili 2025 walitakiwa kuondoka, na kwa siku chache kambi zikawa tupu. Mahema yakashushwa, miti ikafungwa mafungu, watu wakapanda malori ao wakatembea. Wengine walipita butikini kuaga. Mwanamke mmoja wa Kitshanga aliacha sufuria ya aluminiamu kama rehani, mama akamrudishia, akisema: «Dada, utapikia nini kule?» Wengine walipita upande wa pili wa barabara wakitazama chini, na yeye naye akatazama pembeni ili wasione haya. Jioni alihesabu kaye. Ilikuwa dola mia tatu na themanini na kitu. Nusu ya mali aliyoificha Ndosho haikufikia hesabu ile.

Alikuwa amegawa mali, amegawa wauzaji, amegawa feza. Wateja hakuwagawa. Wote walikuwa kwenye kilima kimoja.

Siku hizi, kabla ya kuagiza mzigo, hajiulizi tena balaa gani inakuja. Volkeno, vita, mpaka kufungwa, ugonjwa, hakuna anayejua. Anajiuliza kitu kimoja tu: ni nini ambacho kikikosekana kesho, kila kitu kinasimama? Jibu la mwezi huu si la mwezi ujao. Mwezi wa sita lilikuwa noti, basi alianza kulipana kwa vitu na mwenye mashini ya kusaga: yeye anapeleka mahindi, anabaki na sehemu ya unga, bila noti kupita kati. Baadaye jibu likawa kaye yenyewe, kwani ingeungua na mlango ule, madeni yote yangekuwa hadithi. Mtoto wake wa kwanza anainakili kila siku ya Mungu kwenye kaye ya pili, inayokaa Ndosho.

Deni pia lina mpaka sasa. Nyumba moja haichukui zaidi ya chakula cha juma moja. Wengine wamekasirika, na mpaka huo unamuumiza yeye pia, maana anawajua wenye njaa kwa majina.

Likelemba yake, ya wanawake kumi na mmoja, ilifanya badiliko lingine. Zamani kila kitu kilikuwa feza. Sasa sehemu moja ya mchango inabaki maharagi na chumvi, inawekwa kwa mmoja wao, na anayepata matata anachukua vitu. Chumvi haiozi. Maharagi yalishambuliwa na wadudu mara ya kwanza, wakapoteza karibu debe mbili, na kulikuwa na ugomvi wa kutosha kuvunja kundi. Walibaki, ila sasa wanayageuza kila mwezi: wanauza ya zamani, wananunua mapya. Vyote hivi vina bei yake. Mali iliyolala Ndosho haizai. Feza ya nyumbani inaita majambazi, nao usiku wa Goma unawajua. Ile ya simu inaita mkatwaji. Mama husema kwamba faida yake imepungua karibu moja ya tano tangu aanze kujilinda, na kuna siku anajiuliza kama si ujinga. Majirani wawili wasiojilinda walipata faida zaidi yake mwezi wa saba. Mmoja wao, tangu mwezi wa nane, anauza mandazi barabarani.

Katikati ya mwezi wa tisa motari alisimama mbele ya butiki na kushusha mfuko. Ndani mlikuwa maharagi, kilo kama kumi na tano, na karatasi yenye jina la mtu wa Masisi aliyekuwa Lushagala na hesabu ya deni lake, ambayo ilikuwa sawa kabisa na ile ya kaye. Motari hakujua zaidi. Alipewa na motari mwingine Sake, na usafiri ulikuwa umelipwa. Mama alipima maharagi, akayapigia bei ya siku ile, akakuta yamezidi deni kwa franka elfu mbili na kitu. Alifuta jina kwa msitari mmoja, kisha akaliandika tena ukurasa wa nyuma, upande wa wale anaowadai kwa kinyume, wale ambao yeye ndiye mwenye deni lao.

Majina mengine yako bado. Simu nyingi haziiti. Jioni ile alifunga saa kumi na moja, kama kila siku sasa, akampa mtoto kaye apeleke Ndosho kabla ya giza.