MAJI KIDOGO, MAJI MENGI: Kwa nini asidi haifutwi kwa kitambaa

SEHEMU YA 1
Bado tuko kwenye mada ya sumu za nyumbani. Swali lililojaa wiki hii ni hili: "Nesi, mtoto akimwagikiwa na maji ya betri, nikimwagia maji si nitaizidisha? Shuleni tulifundishwa asidi ikikutana na maji inachemka."

Swali zuri sana, na naelewa hofu iliyo nyuma yake. Nimewahi kumpokea mtoto ana kitambaa kilicholowa shavuni, mama yake kamshikilia vizuri kabisa, lakini bomba la uani halikuguswa. Aliogopa maji. Kwa hiyo leo sitakwambia tu "osha". Nataka ujue kwa nini, ili siku hiyo mkono wako usisite.

SEHEMU YA 2
Asidi ni nini? Ni molekuli yenye protoni iliyo tayari kuiachia. Protoni ni haidrojeni iliyonyang'anywa elektroni yake, kadogo kuliko unavyoweza kufikiria, na ndiyo inayovuruga protini za ngozi na jicho. Lakini asidi haiitupi hewani hivi hivi. Lazima apatikane wa kuipokea, na mpokeaji mkubwa ni maji.

Maji mangapi? Mwaka 2009 watafiti wa Bochum, Ujerumani, waliripoti jambo la kupendeza. Walichukua molekuli moja ya asidi ya haidrokloriki, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kusafishia choo na tiles (na ndiyo hiyo hiyo iliyo tumboni mwako). Wakaiweka ndani ya tone dogo la heliamu, kwenye baridi ya karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, kisha wakaiongezea molekuli za maji moja moja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu: protoni bado imeng'ang'ania kwa klorini. Ilipofika ya nne, protoni ikahama. Molekuli moja ya maji ikaibeba, tatu zikaizunguka. Kama mtoto mchanga anapotolewa nje: mmoja kambeba, watatu wako pembeni.

Molekuli nne tu, jamani! Tone moja la machozi lina mabilioni kwa mabilioni.

SEHEMU YA 3
Sasa sikia vizuri. Ngozi ina unyevu. Jicho limelowa. Koo limelowa. Asidi ikigusa hapo, maji ya kuiamsha imeshayakuta. Haisubiri bomba lako. Kwa hiyo ukifungua bomba huiamshi, unaiondoa.

Na lile la shuleni? Ni kweli. Asidi kali ikipata maji kidogo hutoa joto jingi, inaweza hata kuchemka na kuruka. Ndiyo maana nasema maji mengi na yanayotiririka: yanachukua asidi, yanachukua na joto lake.

SEHEMU YA 4
Protoni ikishapokewa haikai. Umewahi kuona vibarua wakipandisha zege ghorofani? Wanapanga mstari, ndoo inapita mkono kwa mkono. Kwenye maji ni hivyo, ila kuna ujanja: molekuli inapokea protoni upande huu na kutoa nyingine, ile iliyokuwa nayo, upande wa pili. Kila mruko huchukua kama pikosekunde moja au mbili, yaani sekunde uigawe mara trilioni. Wazo hili la kupokezana lilitolewa na Theodor Grotthuss mwaka 1806.

Maji yakiwa mengi, mstari ni mrefu na protoni zinatawanyika mbali na ngozi. Kitambaa kilicholowa ni mstari mfupi: zinazunguka pale pale.

Piga hesabu na mimi. Kupandisha pH ya asidi kali kwa namba moja tu, unahitaji kuizimua mara 10. Kijiko cha chai cha asidi yenye pH 1, yaani mililita 5, ili kifike pH 4 kinataka jumla ya lita 5. Na maji ya betri ni makali kuliko pH 1. Kikombe kimoja hakitoshi, mama.

SEHEMU YA 5: FANYA HIVI
• Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, ila usipoteze muda kutafuta.
• Anza kumwagia maji safi ya bomba au ya ndoo papo hapo. Huku yanatiririka, vua nguo zilizolowa. Fulana ikate, usiipitishe usoni.
• Endelea dakika 20 au zaidi, hata akilia. Mwenzako atafute usafiri.
• Jicho: fungua kope, jicho lililoumia liwe upande wa chini, maji yasiingie jicho zima.
• Usipake dawa ya meno, asali, mafuta, ute wa yai wala magadi. Ndiyo, magadi huua asidi, lakini yanatoa joto juu ya kidonda na kukuchelewesha kuosha.
• Kama ameimeza: usimtapishe. Ilichoma koo ikishuka, itachoma tena ikipanda. Asukutue mdomo, ateme, usimlazimishe kunywa chochote. Hospitali haraka, na chupa uje nayo.

SEHEMU YA 6
La mwisho. Jina lenyewe "maji ya betri" linadanganya, na ukiyatia kwenye chupa ya maji ya kunywa umemdanganya mtoto mara mbili. Leo kabla hujalala pita stoo, chini ya sinki, chooni na kwenye boksi la vifaa vya baba. Chupa yoyote ya soda au maji yenye kitu kisichonyweka, itoe. Kisha msomee dada wa kazi Sehemu ya 5, maana mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa karibu na bomba.

Kesho: betri ndogo za saa na rimoti. Usikose.