Ukitumwa mkutano Kinshasa, ingia na makumbusho



Kila mwaka vyama vyetu vya Kasongo na Kabambare vinatuma mama mmoja au wawili kwenye mkutano au semineri: Kindu, Bukavu, mara nyingine Kinshasa. Mama anapanda pikipiki mpaka Kindu, anapanda ndege, anakaa siku nne ndani ya chumba kimoja, halafu anarudi na beji, karatasi na kikwembe kipya. Tukimuuliza mji ulikuwaje, anajibu: «Sikuona kitu, tulikuwa tunakaa tu.» Leo nataka kueleza namna ya kutumia nusu siku moja, peke yako au na mwenzako, bila kulipa mtu wa kukuongoza, ili ulete nyumbani kitu kisichoandikwa ndani ya ripoti.

Kinshasa kuna Makumbusho ya Taifa, kando ya Boulevard Triomphal. Kama hujui Lingala, mwambie mwenye taksi «Palais du Peuple». Ukishuka hapo uko karibu. Jengo lilijengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini, likafunguliwa Novemba 2019. Siku ya kwanza ya mkutano, waulize wenyeji saa za kufungua na bei ya kuingia, usingoje siku ya mwisho wakati kila mtu anatafuta tikiti na mizigo. Chukua kalamu na daftari. Kabla ya kupiga picha, omba ruhusa mlangoni.

Ndani usijaribu kuona vyote. Vitu ni vingi, na miguu iliyochoka haioni kitu. Chagua vitano, ukae mbele ya kila kimoja kwa dakika kumi. Hivi ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu mbele ya ramani: kwanza angalia, halafu soma maandishi, halafu angalia tena. Maandishi ni ya Kifaransa. Ukikwama, mwombe kijana aliye karibu akusomee.

Tafuta vitambaa vya rafia vya Wakuba wa Kasai. Mwanaume ndiye anayefuma kitambaa. Mwanamke ndiye anayeshona juu yake michoro yenye manyoya laini, uzi kwa uzi, kazi ya miezi. Hakuna karatasi ya kufuata, mchoro unatoka kichwani mwake. Mama anayesema «mimi sikusoma» akisimama mbele ya kitambaa hicho ataona hesabu kubwa iliyofanywa kwa sindano.

Angalia pia viti vya wakubwa wa Kiluba na Kihemba, jirani zetu wa kusini. Mara nyingi anayebeba kiti kichwani ni sanamu ya mwanamke. Waluba walisema mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kutunza roho ya mfalme. Ukirudi kwenye mkutano ambapo watu wanazungumza juu ya nafasi ya mwanamke, utakuwa na mfano wa kutoa, na ni wa kwetu.

Kuna kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu. Kilichukuliwa Ubelgiji wakati wa ukoloni. Juni 2022 mfalme Philippe alikileta mwenyewe katika makumbusho haya, lakini kwa jina la mkopo usio na mwisho. Zamani, kati ya 1976 na 1982, makumbusho ya Tervuren ya Ubelgiji yalirudisha vitu 114. Vingine vingi vimebaki huko, pamoja na sanamu za wazee wa ukoo za Waboyo wa upande wa Kabambare. Mtoto wa Kabambare anayetaka kuona kazi ya babu zake anahitaji viza.

Kwa upande wa muziki, jifunze juu ya ngoma ya mti iliyochimbwa, isiyo na ngozi. Ina sauti mbili, nene na nyembamba. Kwa kuwa lugha zetu nazo hupanda na kushuka, ngoma hiyo iliweza kusema maneno na kupeleka habari ya kifo au ya mgeni kutoka kijiji hadi kijiji. Ukibaki na saa moja, nenda Matonge, kwenye Place des Artistes hapo Victoire, wanapokumbukwa wanamuziki wetu. Rumba iliandikwa na UNESCO katika urithi usioshikika wa binadamu Desemba 2021. Hapo wakumbuke na wamama: Lucie Eyenga wa miaka ya 1950, Abeti Masikini aliyezaliwa Kisangani, na Mpongo Love, aliyeugua polio utotoni na bado akasimama mbele ya watu akaimba.

Anayetumwa Lubumbashi, huko pia kuna Makumbusho ya Taifa. Anayetumwa Bukavu aulize makumbusho ya mapadri Wasaveri, penye kazi za Warega.

Mbele ya vitu hivi utaona jambo moja: karatasi inataja kabila na aina ya mti, lakini mara nyingi haitaji jina la aliyetengeneza. Aliyenunua au kuchukua hakuuliza. Sisi bado tunaweza kuuliza. Vita vya 1996 mpaka 2003, na mikimbio ya baadaye, vilitufanya tuache nyuma vinu, ngoma, vikapu na viti. Lakini wamama wazee wanaojua nani alifuma na nani alichonga wangali hai Kasongo, Kabambare, na katika vijiji vya njiani. Kila msiba unapunguza hesabu yao.

Kwa hiyo mama anayerudi kutoka mkutano, pamoja na ripoti, atueleze vitu vitano alivyoona. Na sisi tuliobaki, kwenye kikao kitakachofuata, kila mmoja alete kitu kimoja cha zamani cha nyumbani, hata mwiko au chungu, na majibu matatu aliyouliza kwa wazee: nani alikitengeneza, kwa kazi gani, na wimbo gani uliimbwa kilipotumika. Tutaandika katika daftari moja la chama. Na mgeni akija kijijini na pesa mkononi kutafuta kiti cha zamani, ukoo mzima ukae kwanza.