Bei ya Haki ya Gari la Marehemu

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kuna mali ambayo methali hiyo haiitoshelezi, nayo ni gari kuukuu linalopendwa. Gari jipya lina bei yake dukani, na gari lililotumika miaka mitano lina wenzake wengi barabarani wa kulinganishwa nalo. Gari lililopita nusu karne halina bei iliyoandikwa popote. Mmoja huliita chuma chakavu, mwingine huliita hazina, na aghalabu wote wawili huwa wamekosea.

Jambo hilo lilimkuta mjane mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura. Marehemu mumewe alimwachia nyumba, watoto wanne, na Volkswagen ndogo ya rangi ya maziwa, ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Mama huyo hakujua kuendesha. Kwa miaka mitatu gari lilisimama chini ya mwembe, likafunikwa na majani na vumbi, wala hakuna aliyethubutu kuligusa. Kisha binti yake wa mwisho akapata nafasi ya kusomea uuguzi, na karo ikatakiwa kabla ya mwezi kwisha. Hapo mama akaamua kuliuza.

Wa kwanza kufika alikuwa kijana mchuuzi wa magari. Alilizunguka mara moja, akapiga tairi teke, akatikisa kichwa. “Mama, hili limekwisha kuwa chuma tu,” alisema. “Nitakupa faranga milioni 1.5, tena taslimu, sasa hivi.” Akazitoa fedha na kuzipanga juu ya meza mbele ya macho ya mama mwenye shida.

Jioni yake akaja shemeji, mdogo wa marehemu, na simu mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha ya gari la namna hiyo lililouzwa Ulaya kwa fedha nyingi mno. “Shemeji, usikubali kuibiwa,” alisema. “Usipokee chini ya milioni 15. Hili ni gari la kaka yangu.” Usiku ule mama hakupata usingizi. Akikubali bei ya kwanza, atakuwa ametupa mali ya watoto. Akishikilia ya pili, mwezi utakwisha, gari litabaki chini ya mwembe, na binti atabaki nyumbani.

Buyenzi ni mtaa wa magereji, na hapo hapakosi watu wanaoyajua magari ya zamani. Jirani alimwelekeza mama kwa fundi mmoja mzee aliyeacha kazi nzito, lakini hakuacha kuulizwa. Mzee akaja asubuhi, naye amechukua tochi, sumaku ndogo, bisibisi, gunia la kulalia na daftari la shule. Hakutaja bei. Aliomba kwanza hati ya gari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Alinyanyua kiti cha nyuma, akapangusa vumbi juu ya mfereji wa chuma unaopita katikati ya sakafu, akasoma namba iliyogongwa pale. Ilianza na 118. Jamaa wote walikuwa wakisema kwamba gari lile lilitengenezwa mwaka 1965, lakini tarakimu ya tatu katika namba hizo hutaja mwaka wa toleo: hilo lilikuwa toleo la 1968, ambalo kiwanda kilianza kulitoa Agosti 1967. Taa za mbele zilizosimama wima na umeme wa volti 12 vilithibitisha. Namba ikapatana na hati. Namba ya injini, iliyo chini ya dinamo, ilianza na herufi AD. Maana yake injini ya kwanza ilikwisha kufa, na hiyo ilitoka katika gari la mwaka 1970 au baadaye. “Kwa mtu wa kuendesha, si kasoro,” alisema mzee. “Kwa mtu wa kukusanya magari ya kale, ni pungufu. Mnunuzi ni lazima aambiwe.”

Kisha akapitisha sumaku juu ya bodi. Penye chuma ilishika. Juu ya tairi la nyuma la kulia ilianguka, kwa sababu hapo palizibwa kwa udongo wa mafundi na kupakwa rangi. Akalala chini ya gari na kugonga kwa bisibisi. Katika Volkswagen hiyo betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na tindikali yake hula sakafu kidogo kidogo bila mtu kuona. Bisibisi ikapenya. Ikapenya tena katika kingo za chini ya milango, zile zenye uwazi ndani unaopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Hayo ndiyo maradhi makubwa ya gari hilo. Injini hushushwa ikatengenezwa, lakini kingo zile zikioza, nguvu ya bodi yote imeondoka, na kazi ya kuchomelea huchukua siku nyingi.

Injini hakuiwasha kwa pupa. Petroli ya miaka mitatu aliimwaga. Mpira wa petroli uliokauka juu ya injini akaubadilisha, kwa kuwa mpira huo ukipasuka gari huungua. Akamwaga mafuta machafu na kutia mapya lita 2.5. Halafu akashika puli ya nyuma kwa mikono miwili, akaivuta na kuisukuma. Haikucheza. Puli ikicheza sana mbele na nyuma, tumbo la injini limechakaa, na gharama yake ni kubwa. Alipowasha, ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikatulia na kutoa ule mlio wake mkavu ambao mtaa mzima uliutambua. Mama aliingia ndani ya nyumba kwa muda, akarudi.

Shemeji aliyekuwa amesimama kando alitoa simu yake. Mzee aliitazama picha, akamwonyesha dirisha la nyuma: lilikuwa limegawanyika vipande viwili. “Mwanangu, madirisha haya yaliachwa mwaka 1953. Aliyelinunua gari hili alilipia uchache wake. La kaka yako lina ndugu wengi mno.” Na kweli, Volkswagen hizo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, hadi ya mwisho ilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Wingi huo hushusha bei, ingawa pia hulinda thamani yake, maana kilichotengenezwa kwa wingi hakikosi vipuri.

Ndipo mzee alipofungua daftari. Kanuni yake ilikuwa moja: anza na bei ya gari zima la namna hiyo, kisha toa gharama ya kulifikisha gari lako hapo. Tena bei hiyo iwe iliyolipwa, si iliyotajwa tu, kwani kutaja hakuna ushuru. Alijua gari moja zima, la umri huo huo, lililouzwa mjini kwa milioni 9. Akaandika: kuchomelea na rangi, milioni 2.5, tairi nne, milioni 1, breki, laki 5, viti na nyaya za umeme, laki 4, betri, laki 3. Jumla milioni 4.7. Ikabaki milioni 4.3. Akatoa laki 5 kwa yale ambayo macho hayakuyaona, kwa maana gari kuukuu halikosi siri. Akaongeza laki 2 kwa ajili ya sanduku la vipuri alilolitunza marehemu. Akapiga mstari: milioni 4.

“Na yale aliyoyatumia kaka yangu miaka yote?” aliuliza shemeji.

“Aliyatumia, naye akasafiri,” alijibu mzee. “Mnunuzi halipi safari za mwenzake.”

Mama aliuliza kama si vema kwanza kulipaka rangi ili lipendeze. Mzee alikataa. Rangi mpya juu ya kutu humtia shaka mnunuzi mwerevu na humdanganya mjinga, na fedha yake hairudi yote. Alimshauri aoshe gari, aweke hati mezani, na ataje kasoro zote kabla ya kuulizwa.

Yule kijana aliporudi, mama alimpa daftari asome. Alisoma kimya, akaenda kuchungulia chini ya kiti cha nyuma, akarudi na kusema milioni 3. Mama hakupandisha sauti. Alimwomba aonyeshe mstari ulioongezwa chumvi. Kijana alitafuta asiuone, akaondoka. Baada ya siku tano akaja mwalimu mmoja mstaafu, aliyewahi kuwa na gari kama hilo ujanani. Akaonyeshwa kutu, akaonyeshwa injini isiyo ya asili, akasoma hesabu. Alilipa milioni 3.9, na ile laki moja iliyopungua ikawa ya gari la kulivuta.

Shemeji hakufurahi siku ile, lakini yeye ndiye aliyempeleka binti chuoni kwa karo iliyolipwa kwa wakati. Kumbukumbu ya marehemu haikutiwa katika hesabu, kwani hiyo haikuwa ikiuzwa. Bei ya haki si ile inayomfurahisha mmoja peke yake. Ni ile ambayo muuzaji na mnunuzi wanaweza kuisoma katika daftari moja, mstari kwa mstari, na kesho yake wakasalimiana njiani bila mmoja kumkwepa mwenzake.