Mita Moja, Vyumba Sita

Mgwashi, Lushoto
12 Mei 2024

Mwanangu,

Masika bado hayajatuachia, ukungu unatufuata mpaka jikoni na njia ya kushukia barabarani ni tope tupu. Bibi yako anakohoa kidogo usiku lakini mchana yuko shambani, hasikii la mtu. Anakusalimu, na anauliza utapanda lini mlimani.

Sikukupigia simu kwa makusudi. Kwenye simu ungesema "sawa shangazi, nimekusikia", kisha mteja wa barafu angekuita na maneno yangu yangeishia hapo. Nataka haya uyasome ukiwa umekaa, halafu uyarudie.

Siku ya gulio alinifuata mama wa yule binti aliyepanga kwako, chumba cha mwisho karibu na choo. Hakuja kushtaki. Alikuja kuniuliza kwa upole kama umeme wa Tanga una bei yake, tofauti na umeme wa huku kwetu. Yeye ana taa tatu na redio, akiweka shilingi 3,000 anapata uniti 24 na ushee, na anakaa nazo muda mrefu. Binti yake ana taa moja, simu, na pasi anayoiwasha siku ya Jumapili, na kila mwezi anaomba 10,000 ya kununua umeme wa LUKU. Mama huyu anauza kabichi na majani ya chai. Hiyo 10,000 anaituma kwa simu, na makato ya kutuma ni juu yake. Alitaka kujua tu kama mwanawe anamdanganya.

Nikamwambia anitumie zile meseji za tokeni. Nimezisoma zote, mwanangu, kwa miwani na kwa kalamu. Binti hadanganyi.

Nianze na 1,500 inayokatwa kila mwezi. Mwezi huu zamu ya kwanza ya kununua umeme wa nyumba nzima ilimwangukia yeye. Aliweka 10,000, na kabla hajapewa uniti hata moja ikachomolewa 1,500 ya kodi ya jengo. Zilizobaki zikampa uniti 23 na ushee. Unaijua kodi hiyo ilivyoanza. Tarehe 20 Agosti 2021 serikali iliihamishia kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa mijini. Tangu Julai 2023 imekuwa 1,500 na 7,500. Sina ugomvi na serikali kwa hilo, maana hata zamani ilikuwa mtu afunge safari akapange foleni. Ila mita haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Inamkata yeyote aliyeingiza hela kwanza. Sheria ndiyo inayojua, na sheria inasema kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Wapangaji walipolalamika nchi nzima mwaka 2021, jibu walilopewa lilikuwa hilohilo: deni ni la mwenye nyumba, na mpangaji aliyekatwa akaelewane naye ipunguzwe kwenye pango.

Nadhani na lugha yetu imechangia. Anacholipa mpangaji tunakiita kodi, na anachotoza serikali nacho tunakiita kodi. Ukimwambia binti wa miaka 20 "hiyo ni kodi tu", anaona ni sawa, si yeye ndiye mlipa kodi? Atakuulizaje? Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba, wazee wetu waliichukia kwa mengi, lakini hakuna aliyechanganyikiwa ni nyumba ya nani inayolipiwa.

Nimepiga hesabu ya nyumba yako. Agosti 2021 mpaka Juni 2023 ni miezi 23 ya shilingi 1,000. Julai 2023 mpaka mwezi huu ni miezi 11 ya 1,500. Jumla 39,500. Utasema ni hela ndogo. Ni ndogo, na ndiyo sababu hukuiona ikitoka. Lakini haikutoka mfukoni mwako hata mara moja. Imelipwa na wapangaji wako, na muuguzi, na fundi cherehani, na yule kijana wa bodaboda, na kabichi za Mgwashi.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili la mita.

Vyumba vyako ni vitano vya wapangaji, na cha sita cha mbele ni chako, chenye mafriji mawili ya barafu na maji baridi. Mita ni moja. Kila chumba kinachanga 10,000, na wewe unachanga 10,000, na watu wote wanaona ni haki kwa sababu kila mmoja ametoa sawa. Mimi nilikaa mezani nikaiandika hivi. Bei zilizowekwa mwaka 2016 zina madaraja mawili yanayotuhusu sisi watu wa kawaida. Nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iko D1, uniti moja shilingi 100, na ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti (EWURA) asilimia 1 inafika 122. Uniti zote 75 ni shilingi 9,150. Ukizidi hapo, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato. Mita inayozidi mwezi hadi mwezi huhamishiwa T1, uniti moja shilingi 292, na pamoja na makato inakaribia 357. Mita yako iko T1. Zile meseji zinaonyesha.

Sasa wahesabie wapangaji wako uniti 12 kila chumba. Nimewazidishia, maana taa moja, simu na runinga ndogo hazifiki huko. Vyumba vitano ni uniti 60. Hawavuki 75! Wangekuwa na mita yao peke yao, wote watano kwa pamoja wangelipa shilingi 7,320 kwa mwezi. Rudia kuisoma hiyo. Wote watano, 7,320. Leo wanalipa 50,000.

Tofauti imekwenda wapi? Michango ya 60,000, ukitoa 1,500, inanunua uniti kama 164. Toa 60 za wapangaji, zinabaki 104, nazo ni za mafriji, mota ya kupandisha maji na taa ya nje inayowaka mpaka asubuhi. Kwa hiyo wanakulipia mara mbili. Wanakulipia umeme wa barafu unayouza, na umeme huohuo umewatoa kwenye bei ya 122 ukawatupa kwenye bei ya 357. Hata zile uniti zao chache wanazinunua karibu mara tatu kwa sababu wamefungwa kamba moja na friji lako.

Sisemi ulikaa ukapanga kuwaibia. Nimekulea, nakujua. Uliikuta nyumba ina mita moja, ukaona njia nyepesi ni kugawa sawa, na sawa ikakulaza usingizi. Lakini tangu leo umeshajua.

Nikueleze kwa nini jambo hili linanichoma. Mwaka 1988 nilipanga chumba Ngamiani, hukohuko Tanga, sijui kama marehemu baba yako aliwahi kukusimulia. LUKU haikuwepo, bili ililetwa kwa karatasi mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba wetu aliikunja ile karatasi, akatusomea tarakimu ya chini tu, kisha akatugawia kwa taa na kwa vifaa. Mimi niliandikiwa taa moja na pasi. Pasi yangu ilikuwa ya mkaa. Nikasema, akaniambia "mbona mwenzio ameandikiwa na hajasema?" Mbele ya nyumba palikuwa na fundi wa kuchomelea, na ikanichukua mwaka mzima kujua kwamba waya wake unatoka kwenye mita yetu. Nilifika mahali nikanunua koroboi. Nililala na koroboi ndani ya chumba chenye umeme nikidhani nikitumia kidogo nitalipa kidogo, na mwisho wa mwezi nikalipa kilekile. Sikuhama, kazini palikuwa karibu. Yule mtu hakuwa mbaya. Siku nilipougua homa alinikodia gari usiku. Na bado, mpaka leo nikimkumbuka, la kwanza linalonijia ni ile karatasi iliyokunjwa.

Majirani zetu Wapare walikuwa na habari kama hii, ila yao ilikuwa kubwa. Waliletewa kodi ya Mbiru, kila mtu akadiriwe kivyake, na mwaka 1945 walifurika Same kwa maelfu kuipinga. Hawakukataa kulipa. Kodi waliyoizoea walikuwa tayari kuitoa. Walichokataa ni tarakimu inayotoka kinywani mwa mtu bila wao kuonyeshwa imepatikanaje. Serikali ya mkoloni iliishia kuiondoa. Wapangaji wako hawatafurika popote. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mpangaji wa chumba kimoja hana pa kukimbilia pa haraka zaidi ya mjumbe na ofisi ya mtaa. Na binti wa watu atakwenda kwa mjumbe kumshtaki mwenye nyumba, halafu alale wapi? Watakunyamazia, na wewe utaona kimya chao ni ridhaa.

Wazee wetu wa Kishambaa walimpima mtawala kwa maneno mawili, kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi au kuiharibu. Bibi yako bado huyatumia, na si kwa wafalme wa Vuga tu. Ukiwa na watu watano wanaolala chini ya bati lako, una ka-nchi kako.

Haya ndiyo ninayokuomba. Tarehe mosi ya kila mwezi, alfajiri, uwe wewe wa kwanza kununua LUKU, ili ile 1,500 iondoke kwenye hela yako. Hilo halihitaji fundi wala barua, anza Juni. Zile 39,500 ziangalie kwenye meseji ni nani alikatwa lini, uwapunguzie kwenye pango. Waliokwisha kuhama, namba zao unazo.

Mafriji na mota viwe na mita yao. Najua kuunganishiwa mjini ni 320,960, si 27,000 kama huku kijijini, na najua barafu ndiyo inayokulipia mkopo wa bati. Basi ichukue miezi, lakini wakati unakusanya wewe ulipe zile uniti 104 na wao walipe 60. Ukipata mita ya pili, nenda ukatoe taarifa ili kodi ya jengo isikatwe kwenye zote mbili, na uwaombe shirika la umeme, TANESCO, waiangalie ile ya vyumbani irudi D1 matumizi yakishashuka.

Kuna mtu atakushauri ufunge sabmita kila chumba. Si vibaya, zinaonyesha nani katumia ngapi na zinamaliza maneno ya "wewe unapika kwa heta". Lakini sabmita hazishushi bei. Uniti zote bado zinanunuliwa kwenye mita kubwa, na mita kubwa ikiwa T1 kila mtu yuko T1. Na usije ukafanya kama wale wanaofunga sabmita kisha wakamuuzia mpangaji uniti kwa 500. Hapo itakuwa umeamua, si umekosea.

Tokeni ikinunuliwa, iandike kwenye daftari na ulitundike ukumbini: tarehe, hela iliyoingia, makato, uniti zilizopatikana. Usiikunje karatasi.

Nitashuka Tanga maharage yakishavunwa, mwezi wa saba nadhani. Nitalala kwako, na nitapenda kuliona daftari hilo.

Jambo moja zaidi. Yule mama alirudi jana jioni na mfuko wa viazi na karoti, akaniomba nikuwekee kwenye basi. Anasema ni shukrani, kwa kuwa umemtunza binti yake mjini kama ndugu. Mfuko uko hapa nyuma ya mlango. Bado sijautuma.

Shangazi yako