Kujitambulisha na Kutambulishwa

Mwaka 1977, mjini Boston nchini Marekani, wanawake weusi wachache waliojiita Combahee River Collective waliandika tamko ambalo nimekuwa nikilifasiri polepole, maana kila aya yake ina mtego. Jina lao ni la mto wa South Carolina, ambako mwaka 1863 Harriet Tubman aliongoza msafara wa askari uliowakomboa watumwa zaidi ya 700. Wanawake hao walikuwa wasoshalisti. Ndani ya tamko hilo wakatumia istilahi ambayo leo imeujaza ulimwengu, nami sijaipatia makazi katika Kiswahili: siasa za... za nini?

Kamusi hunipa utambulisho. Mshairi mwenzangu akanipendekezea asili. Nikakataa. Visiwani kwetu neno hilo lina harufu. Katika Zama za Siasa, baina ya 1957 na 1964, mtu aliulizwa asili yake dukani, mferejini, kazini. Jirani wakasusiana hata mazishi. Wachukuzi wa bandarini walioanzisha mgomo mkuu wa 1948, ukaenea mji mzima, baada ya miaka kumi na kitu walijikuta katika mashirikisho mawili ya wafanyakazi, moja likiegemea Afro-Shirazi na jingine Hizbu. Gunia la karafuu halikumpungukia yeyote uzito kwa sababu ya chama chake. Juni 1961, fujo za uchaguzi ziliua watu 68. Mwaka 1963 Abdulrahman Babu na wenziwe wakatoka Hizbu na kuunda Umma, chama kilichotaka kusema tabaka pale wengine waliposema kabila. Lakini jua lilikwishaanza kuchwa.

Kwa hivyo namwelewa komredi wa zamani anayekunja uso alisikiapo neno hili. Aogopa kuona tena safu ya wavuja jasho ikikatwa vipande. Hofu yake ni ya haki, aliowakusudia sio.

Maana wale wanawake hawakuomba kujitenga. Waliandika waziwazi kwamba wanasimama pamoja na wanaume weusi katika mapambano, na kwamba mfumo wa kibepari sharti uvunjwe. Walichokikataa ni yule mfanyakazi wa vitabuni asiye na rangi wala jinsia. Mapinduzi ya kisoshalisti yasiyogusa ubaguzi wa rangi na dhuluma ya wanawake hawakuamini kwamba yangewakomboa. Je, huko ni kuligawa tabaka? Mimi naona ni kulihesabu upya, na safari hii kumhesabu pia anayepiga deki nyumba za watu. (Kwamba leo istilahi yao hutumiwa na mabwana wakubwa kupambia ofisi zao, lawama hiyo si yao.)

Kiswahili, tukikisikiliza, kimekwisha kupambanua jambo hili katika kitenzi chenyewe. Kujitambulisha ni kitendo cha mwenye nafsi: ndimi huyu, na hapa ndipo ninapoumia. Kutambulishwa ni kitendo cha karani na kalamu yake, au cha mwanasiasa aliyesimama jukwaani akikuhesabu kura. Bandarini kwetu wachukuzi walitambulishwa.

Nimeandika basi "siasa za kujitambulisha". Mhariri wangu analalamika kwamba ni refu, tena lanukia hafla ya posa, mtu asimamapo kutaja jina la babake. Sijalifuta.