Sauti Niliyoiondoa Kwayani

Nilikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja huku Meru, upande wa Tengeru, na nilijulikana kwa ukali. Nilitaka waimbaji wangu wafanane na kanda za kwaya kubwa za mjini, pumzi kwa pumzi. Aliyeshindwa nilimtoa. Mmoja wa niliowatoa ni mama mtu mzima wa sauti ya pili, ambaye baada ya kuugua alibaki na sauti ya kukwaruza. Nilimwambia mbele ya wenzake akapumzike. Akafunga kitabu chake cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, akatoka. Usiku ule nililala usingizi mzuri.

Baadaye nilikwenda kwa fundi cherehani karibu na Soko Kuu la Arusha kuchukua majoho ya kwaya. Alikuwa bado anashona kola, nikakaa kumsubiri. Simu yake ilikuwa inapiga wimbo wa Kihindi, ule wa filamu ya Awaara ya 1951, iliyojaza majumba ya sinema ya Afrika Mashariki enzi za ujana wa fundi huyo. Nikasema mwimbaji huyu anaimbia puani, kwangu asingekaa.

Mzee akaacha kukanyaga cherehani.

“Mwalimu, huyo ni Mukesh. Mwigizaji Raj Kapoor kwenye picha anafungua mdomo tu.”

Akanisimulia taratibu, sindano mkononi. Mukesh alianza kwa kumwiga mwimbaji K. L. Saigal, hata wimbo wake wa filamu ya Pehli Nazar ya 1945 ukadhaniwa ni wa Saigal mwenyewe. Alipoacha kuiga, sauti ile ile ya puani, yenye kutetemeka kidogo, ndiyo iliyopendwa. Maneno ya wimbo ule wa Awaara aliyatunga Shailendra, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya reli Bombay. Mukesh alipofariki mwaka 1976, Raj Kapoor alisema amepoteza sauti yake.

Akaurudisha wimbo mwanzo. Ni wimbo wa mtu asiye na kwao wala wa kumpenda, na bado anaimba kwa furaha. Sauti safi niliyokuwa nikiidai isingeweza kuubeba. Nikamkumbuka yule mama, nikashindwa kumtazama fundi usoni.

Kumwendea mama huyo hakukuwa rahisi. Nilifika mara kadhaa hadi kwenye migomba yake, nikageuza pikipiki. Siku nilipobisha hodi, aliniwekea chai kabla sijasema neno. Nilipoomba msamaha akasema, “Mwalimu, nilishakusamehe zamani. Kila jioni ya mazoezi nakuombea.”

Sikustahili chai ile, wala maombi yale.

Amerudi. Sauti bado inakwaruza, na msibani yeye ndiye anayeanzisha pambio, nasi tunafuata. Ukali bado unanijia jioni nyingine, naomba Mungu anisaidie. Mwalimu mwenzangu, kama yupo uliyemtoa kwenye mstari, usimtumie ujumbe wa simu. Nenda nyumbani kwake wiki hii.