Mkole, Mpera na Mpira wa Baiskeli

Sisi watu wa Kyela hatukuwa watu wa upinde. Mwanamume wa Kinyakyusa aliyejiheshimu alishika mkuki, na chuma cha mkuki huo kilishushwa na Wakinga kutoka milima ya Livingstone, ambako wahunzi wao walifua majembe na mikuki wakaja kubadilishana kwa vyakula vya bondeni. Vyungu vilitoka kwa Wakisi wa Ikombe, na hadi leo vinaletwa kwa mitumbwi kwenye gulio la Matema. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Upinde peke yake ulikuwa wa watoto, na cha mtoto nani anakitia maanani? Joseph Thomson, Mskoti aliyefika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliisifia nchi hii na migomba yake mpaka mtu wa huku akisoma anaona haya. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa kwetu miaka ya 1930, wakaeleza jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyotoka kwa baba zao na kujijengea vijiji vyao vya marika. Nikiwaza vijiji hivyo, kitu cha kwanza ninachokiona ni vijana wakichonga pinde.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 bado tulikuwa tunachonga, ingawa kwa kukaribia kuacha. Kazi ya upinde ilikuwa kuamia ndege mpunga ukishatoa suke. Mama alikupeleka kwenye kichanja alfajiri na kiporo cha ndizi, ukae huko mpaka jua lizame, na ole wako akikuta suke tupu. Kelele na debe vilitosha kwa ndege wageni. Wale wazoefu walitaka kuona kitu kinaruka kuwaelekea.

Mwalimu wetu alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye shule haikumpenda naye hakuipenda. Kila wanawake walipokwenda kutafuta kuni kwenye miteremko ya juu ya Matema, alijipachika kwenye safari. Alikuwa anautafuta mkole. Mkole tuliujua wote kwa matunda yake madogo matamu, na watu wazima waliujua kwa maganda, maana ukiyabandua unapata kamba ya kufungia mzigo. Yeye aliujua kwa namna nyingine. Aliushika mche ungali umesimama, akauinamisha mpaka nusu, akauachia ghafla. Ukirudi kwa uvivu, aliuacha. Ukirudi kwa hasira, akachuchumaa kuutazama vizuri.

Alichokuwa anakitazama ni mistari ya ganda. Ikipanda wima, nyuzi za mti ndani nazo zimepanda wima. Ikizunguka, mti umejisokota, na upinde utakaoutoa humo utageukia mkononi mwako kila ukiuvuta. Halafu alipitisha kidole gumba tangu chini hadi juu akitafuta vifundo. Kifundo kimoja kwenye ncha alikivumilia. Kifundo katikati ya mkono wa upinde alikiogopa. Alitaka mti mnene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, mrefu kama yeye mwenyewe, uliokua kwenye msongamano wa kichaka, kwa sababu mti unaogombea jua haupati nafasi ya kutoa matawi pembeni.

Kuchonga kwenyewe kulikuwa na sharti moja ambalo alilisimamia kama askari wa mpakani Kasumulu: usiguse mgongo. Upinde una tumbo, yaani upande unaomtazama mpigaji, na una mgongo, upande unaotazama windo. Ukiuvuta, tumbo linabanwa na mgongo unatanuka. Mti huvumilia kubanwa kuliko kutanuliwa ukiwa na jeraha. Ukikata hata uzi mmoja mgongoni, mpasuko utaanzia hapo. Kwa hiyo ganda lilibanduliwa kwa kucha na kwa mgongo wa kisu, mti mweupe ukaachwa ulivyozaliwa, na kazi yote ya panga ikafanyika tumboni. Panga nalo lilikuwa la kuanzia tu. Umbo likishaonekana alichukua kipande cha chupa iliyovunjika, akakwangua, akauvuta kidogo, akautazama kwa jicho moja, akakwangua tena. Mkono wa juu ukipinda kuliko wa chini, alikwangua wa chini. Hakukwangua kamwe pale palipopinda kupita kiasi. Sheria hiyo, naambiwa, ni ileile kwa mafundi wa pinde popote duniani, na yeye hakufundishwa na mtu.

Ugwe tuliuomba kwa wavuvi, nyuzi za nyavu zilizochakaa, tukazisokota tatu tatu. Mishale ilikuwa matete ya ufukweni. Kwa ndege tulichomeka kipande cha gunzi au kinundu cha mti mbele, ili kimwangushe bila kumchana. Wakorofi walichomeka spoku ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe, nao walichapwa.

Baiskeli hiyohiyo ndiyo iliyouua upinde. Kyela ni bonde, na bonde ni nchi ya baiskeli. Mipira mibovu ya magurudumu ilitapakaa kila uwanja. Mtoto akishapata vipande viwili vya mpira na kipande cha ngozi ya kiatu, alikwenda kwenye mpera akakata panda, na kabla ya mchana ana manati. Kokoto ziko barabarani, huchongi mshale. Sikumlaumu yeyote wakati ule, na mimi mwenyewe nilikuwa na manati mfukoni. Lakini nikitazama nyuma naona kilichoondoka. Kwenye manati mti unashika tu, mpira ndio unaofanya kazi. Panda ya mpera, ya mwembe, ya mchungwa, zote sawa. Kwenye upinde hakuna mpira. Mti ndio unaobeba nguvu ya mkono wako na kuirudisha, na ukiuchagua ovyo unakuambia palepale, kwa mlio. Kwa hiyo mtoto wa manati hakuwa na sababu ya kuuinamisha mche kichakani na kuuachia. Kizazi kimoja kikaacha kuuliza swali la mti upi unainama na kurudi, na kilichofuata hakikujua kwamba liliwahi kuulizwa.

Nimeanza kuchonga tena sasa nikiwa na mvi. Wajukuu wananitazama kwa heshima iliyochanganyika na wasiwasi. Nilianza kwa kwenda mjini kwa mafundi seremala, kuona tu kuna nini.

“Shikamoo, mzee. Ubao wa nini?”

“Marahaba, mwanangu. Wa upinde.”

“Wa maonyesho?”

“Wa kupigia mshale.”

Akacheka kwa adabu, akaingia ndani akatoka na kipande cha mninga. “Chukua huu, mzee. Huu hauliwi na mchwa.”

Huyo ni fundi mzuri na kabati zake zinasimama. Ila jibu lake linaeleza tulipofika: ubora wa mti siku hizi ni mchwa na bei. Anayo paina, anao mkaratusi, anao mninga kwa mwenye uwezo. Ukimuuliza upi unainama na kurudi, anakutazama. Na hata kama angekuwa na mti sahihi, ubao wa msumeno una kasoro yake. Msumeno hupita njia yake iliyonyooka bila kujali nyuzi za mti zimeelekea wapi, hivyo nyuzi nyingi hukatwa na kuishia pembeni mwa ubao. Kwa meza haidhuru. Kwa upinde kila uzi ulioishia njiani ni mahali pa kupasukia. Ndiyo maana mti wa upinde hupasuliwa kwa shoka na kabari, ukaachwa ufuate nyuzi zake wenyewe, hata kama utatoka na kijikombo.

Uhaba wa mti mzuri si aibu yetu peke yetu. Waingereza, ambao upinde ulikuwa fahari yao vitani, waliishiwa miti ya kuchongea mpaka mwaka 1472 wakatunga sheria: meli inayoleta bidhaa kutoka nje ilipaswa kuleta pia miti minne ya pinde kwa kila pipa kubwa la shehena. Mti waliouhangaikia unaitwa yew. Kiini chake huvumilia kubanwa na mti mweupe wa nje huvumilia kutanuka, kwa hiyo kijiti kimoja kinakupa tumbo na mgongo tayari. Meli yao ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545. Ilipoibuliwa na kuchunguzwa, pinde zaidi ya 130 zilipatikana humo. Wao walikuwa na serikali ya kutunga sheria kwa ajili ya mti wa upinde. Sisi tulikuwa na kaka na safari za kuni.

Hapa Tanzania walioshika elimu hii bila kuiachia ni Hadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Mvulana wao hushika upinde angali mdogo kabisa, na upinde wa mtu mzima unahitaji nguvu ya kilo 30 hivi kuuvuta. Wanachonga miti ya jamii ya mkole, miongoni mwa mingine, na ugwe wanausokota kwa mishipa ya wanyama. Nguvu yao nyingine ni sumu. Na katika sumu ziwa letu lina historia yake: John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone, aliikuta sumu ya mishale iitwayo kombe upande wa kusini, katika nchi ya mto Shire. Ilichafua mswaki wake mfukoni, akasafishia meno, na mapigo ya moyo yakashuka. Kutokana na mmea wa sumu hiyo madaktari wa Edinburgh wakapata dawa ya moyo iliyotumika Ulaya miaka mingi. Kirk alikuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Mswaki sijui uliishia wapi.

Turudi kwenye mti. Anayeanza Kyela ana tatizo ambalo Mhadzabe hana: maji. Sisi tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili hata chumvi inalia ndani ya kopo. Mti mbichi ukiuchonga utainama vizuri sana, halafu utabaki umeinama. Kata wakati wa kiangazi, pasua, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili ili usikauke kwa pupa ukachanika, kisha uweke juu ya moshi wa jiko la kuni, mbali na mwali, miezi kadhaa. Bibi zetu walihifadhi mbegu hukohuko. Nyumba ya bati yenye jiko la gesi haina mahali hapo, na mimi nimelazimika kuomba hifadhi kwenye jiko la jirani, ambaye sasa ananiuliza kila Jumapili kama kuni zangu ziko tayari.

Ukishakauka, usivute kupita kiasi siku ya kwanza. Usiuvute na kuuachia bila mshale, kwani nguvu isiyo na pa kwenda huurudia mti wenyewe. Ukimaliza kupiga, legeza ugwe. Na usipige ndege. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda, na tuseme ukweli, ndege wachache tuliobakiza wanasumbuliwa vya kutosha na mengine. Mimi napiga gunia lililojazwa pumba za mpunga, na pumba Kyela hazinunuliwi.

Kinachonipiga chenga bado ni mti wenyewe. Vile vichaka vya mipakani mwa mashamba, ambavyo havikuwa vya mtu, vimekuwa kakao. Sina ubishi na kakao; imesomesha watoto na kuezeka nyumba, na bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024 hata mwenye kichaka nyuma ya choo alikifyeka akapanda. Mkakao una kivuli kizuri na mti usiofaa kwa upinde. Mchikichi haufai. Mgomba usiutaje. Miteremko ya juu ya Matema nayo imekwanguliwa na mkaa na mashamba ya mihogo, na mkole unaobaki umechipua kwenye visiki, wenye vifundo na mikombo, kwa kuwa umekatwa kabla haujapata nafasi ya kunyooka.

Kaka yangu hayupo tena, na mche wa mkole ulionyooka, mnene kama kifundo cha mkono, bado ninautafuta kuanzia Ipinda hadi Ikombe. Mwenye nao kwenye mpaka wa shamba lake asiufyeke wala asiuchome. Anitafute, nitaukata kiangazi kijacho, nami nitamlipa bei ya kuni mara mbili.